Sukari Yenye Stara

Sukari ya chai haina adabu. Inakaa katikati ya meza ndani ya bakuli lake, na mwenye kisukari akinyoosha mkono tu, meza nzima inakohoa. Leo namsifu nduguye mwenye stara, yule anayeishi ndani ya chupa nyekundu pale kwa muuza chipsi.

Stara yake si ya kawaida. Katika kila gramu 100 za tomato sosi, sukari huweza kupita gramu 20, lakini sijasikia mtu akilalamika kwamba chipsi zake zimekuwa tamu. Siki inaifunika, chumvi inaifunika, na rangi inaapa kwamba humu mna nyanya tu. Mbele ya chupa wamechora nyanya, imeiva, ina matone ya maji. Sukari haikuchorwa, haipendi kupigwa picha.

Wala haipendi viti vya mbele. Kanuni za Codex, vile viwango vya kimataifa vya chakula, zinataka viambato viorodheshwe kwa uzito, kizito kwanza. Basi inajigawa: hapa sukari, pale shira ya glukosi, chini kidogo dekstrosi, kila mmoja mwepesi kivyake, wametawanyika ukumbini kama ndugu wa bwana harusi waliogombana. Na maandishi yenyewe ni madogo hivi kwamba kuyasoma kunataka miwani na tochi ya simu. Unyenyekevu ulioje!

Fadhila nyingine nizipitie haraka. Inahifadhi: Heinz ya Marekani ilipoachana na kihifadhi cha benzoeti kwenye ketchup mwaka 1906, siki na sukari ziliongezwa zishike zamu. Inasitiri chipsi za jana. Inakirimu nzi. Tena ni jasiri: mapema mwaka 2024 sukari ilipoadimika Tanzania na kilo kupita shilingi 4,000, walanguzi walisakwa maghalani, nayo imetulia mezani kwa muuza chipsi, nusu chupa, bila wasiwasi.

Shangazi yangu ana kisukari. Kliniki walimwambia apunguze sukari, naye akapunguza kwelikweli. Chai anakunywa kavu huku amekunja uso. Halafu wali wake anaumwagia tomato mpaka unabadilika rangi. "Hii nyanya, mwanangu. Mboga hii." Kijiko kimoja cha chakula cha mboga hiyo kina karibu kijiko kimoja cha chai cha sukari, na shangazi haishii kimoja. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba afadhali sukari ya kuongezwa isizidi kama vijiko sita vya chai kwa siku, na hapo ni mtu mzima asiyeumwa. Nikaichukua chupa nimwonyeshe. Kiingereza upande huu, Kiarabu upande ule. Kiswahili kilikuwa kwenye jina la duka tulilonunulia.

Hapo utani unanishinda. Mama wa watu amejinyima chai tamu miaka yote, kumbe alitakiwa pia awe mkemia! Ukiwauliza wenye kiwanda, watakwambia kila kitu kimeandikwa. Kweli, kimeandikwa. Ukiwauliza wenye viwango, watakwambia bidhaa imekidhi. Kweli, imekidhi. Chile tangu mwaka 2016 wanabandika mbele ya pakiti alama nyeusi ya pembe nane: sukari imezidi. Huhitaji tochi.

Sisi tuna semina. Niliwahi kuhudhuria moja ya magonjwa yasiyoambukiza, yenye bango, fulana na kalamu. Mtoa mada alitueleza vizuri sana hatari za sukari. Saa saba ukaja mlo: chipsi, kuku, na chupa nyekundu kila meza. Mtoa mada aliigeuza ya kwake juu chini, akaipiga kitako kwa kiganja, akaikamua mpaka ikatoa mlio. Saa kumi ilipopitishwa chai, alilisukuma bakuli la sukari kwa kidole.

"Hii mimi nilishaacha," akasema.