Barua ya Wazi kwa Wenye Sare Yao

Kwa Kamati ya Kanuni za Hoki ya Barafu ya Wanaume na Wanawake, NCAA (chama cha michezo ya vyuo vikuu),
Indianapolis, Marekani.

YAH: MECHI MOJA KUWA NA MATOKEO MATATU

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza pokeeni pongezi. Wengine wote wakicheza hushinda, hushindwa au hutoshana nguvu; ninyi mmepata njia ya kuyapata yote hayo usiku mmoja.

Tuchukue mechi yoyote ya Ijumaa kwenye ligi ya Big Ten. Dakika 60 zimekwisha, ubao unasoma 3-3. Zinaongezwa dakika tano, watatu kwa watatu ukiacha makipa, na anayefunga kwanza ndiye mshindi. Hakufunga mtu. Ikaja mikwaju ya penalti. Kijana wa mwisho anateleza mdogomdogo, anamdanganya kipa kwa bega la kushoto, anapitishia kulia, wavuni! Wenzake wanaruka uzio wa benchi na kumrundikia kipa wao. Kule ng'ambo, kipa mwingine kapiga magoti kwenye barafu, hainuki.

Naomba mmoja wenu ashuke akamnyanyue, amwambie: "Nyamaza mwanangu, hujafungwa. Kwetu NCAA mechi ni sare ya 3-3, na lile bao halimo hata kwenye takwimu zako." Akimaliza apitie kwa wale wanaokumbatiana, awajulishe kwamba nao wametoka sare. Ligi, hata hivyo, itawapa pointi mbili, na yule anayelia apewe moja.

Mngeishia hapo ningevumilia. Lakini aliyefunga ndani ya zile dakika tano naye huchukua pointi mbili hizohizo, ila yeye kwenye rekodi mnamwandikia ushindi, sawa na aliyemaliza kazi ndani ya dakika 60 akabeba tatu. Aliyefungwa kwenye nyongeza anaondoka na pointi moja na kipigo. Aliyefungwa kwa penalti, pointi moja na sare. Ndiyo maana timu inaweza kuwa na ushindi mwingi kuliko jirani yake na bado ikawa chini yake kwenye msimamo. Mhariri wa michezo akichapa hivyo, anaambiwa hajui hesabu.

Wale wa ligi ya kulipwa ya NHL, ambao nina ugomvi nao mwingine, humwongezea mshindi wa penalti bao moja na kuandika 4-3. Bao lenyewe halina mfungaji. Ni uongo, lakini angalau ni mmoja na kila mtu anaujua.

Wala msiseme haiwezekani kucheza hadi apatikane mshindi. Machi 2021 mjini Fargo, kwenye mashindano yenu ya taifa, Minnesota Duluth na North Dakota walikwenda hadi nyongeza ya tano, dakika 142 na sekunde 13, watano kwa watano, ndipo Duluth wakapata la tatu. 3-2, basi. Nakubali, kuwakeshesha wanafunzi namna hiyo kila wiki ni ukatili, wana vipindi.

Kwa hiyo penalti zibaki, hata mimi nazipenda. Ila matokeo yatumwe hivi: "3-3, wenyeji washinda kwa penalti, pointi 2 kwa 1." Na ubao wa uwanjani uwe na pande tatu: wa ligi, wa NCAA, na wa mama wa mchezaji, ambaye anataka tu kujua kama apike au ampe pole.

Mkinijibu, nielezeni pia kama jibu hilo ni la mwisho, au ni la ligi tu na la taifa litafuata.

Wenu katika dakika za nyongeza,
Msoma Msimamo