Wati Elfu Tatu na Fyuzi Mbili

Bagamoyo ukiendesha gari lisilo na besi, watu wanakupisha kwa heshima wakidhani unapeleka maiti. Bajaji inapita ikitikisa vioo vya maduka, na wewe ndani ya IST yako una redio iliyokuja na gari kutoka Japani, inayokusalimia kwa Kijapani kila ukiwasha na kuishia masafa ya 90, wakati huku kwetu stesheni zinapanda mpaka 108. Siku mtu akitangaza kwamba anafunga muziki, mtaa mzima unakuwa na ushauri, na ushauri wote ni mmoja: chukua kubwa.

Kariakoo, upande wa Gerezani, kubwa zipo. Katoni ya amplifaya niliyoipenda ilikuwa na picha ya radi na maandishi ya dhahabu: wati 3,000. Muuzaji aliiunganisha palepale na sabufa ya inchi 12, akapandisha sauti, feni ya dari ikaanza kuyumba. Dukani hakuna muziki unaolia vibaya. Bei tulielewana kwa vidole, maana hakuna aliyemsikia mwenzake, na mpaka leo nashuku kwamba vidole vyangu vilisomwa kwa faida ya dukani.

Fundi wangu wa Bagamoyo hakuitazama ile radi hata kidogo. Aliipindua amplifaya, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, akaweka kidole kwenye fyuzi.

"Soma hapa, bosi."

"Kumi na tano. Na hii nyingine kumi na tano."

"Ampea thelathini. Injini ikiwaka, gari lina volti kumi na nne. Zidisha."

Nikazidisha. Zikaja wati 420.

"Sasa toa joto. Aina hii sehemu ya umeme inaishia kuipasha moto yenyewe. Una mia mbili hamsini hivi za halali."

"Na zile nyingine?"

"Zipo kwenye katoni. Usiitupe."

Hesabu hiyo haina siri. Amplifaya haiwezi kutoa umeme ambao haikuupokea, na fyuzi ndiyo mlango. Namba ya kuaminiwa ni ile yenye herufi RMS, na kwa kawaida huandikwa kwa maandishi ya kutafutwa kwa tochi. Dhahabu wanaiweka kwenye namba ambayo amplifaya inaweza kuigusa kwa kufumba na kufumbua, ikiwa inaigusa kabisa.

Kisha likaja suala la boksi, ambalo lilihitaji kikao cha familia. Sabufa bila boksi hailii, kwa kuwa sauti ya nyuma ya koni inaifuta ile ya mbele. Boksi lenye tundu linapiga kwa nguvu zaidi kwa wati zilezile, ila linabaki likivuma kidogo baada ya mdundo kupita. Kwa muziki wa taratibu hiyo ni raha tupu. Kwa singeli, inayovuka midundo 200 kwa dakika, mdundo wa pili unaingia wa kwanza ukiwa bado unaaga. Boksi lililozibwa kote linapiga na kunyamaza. Kijana wangu ni wa singeli, mimi ni wa dansi la zamani, mke wangu ni wa taarabu. Tulipiga kura, singeli ikashinda kwa sababu mwenye singeli ndiye aliyepiga kelele zaidi.

"Sawa, baba watoto," mke wangu akasema. "Na mananasi yatakaa wapi?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria mananasi. Tukitoka Kiwangwa msimu wa mavuno, buti la IST linajaa mpaka juu. Sasa lilikuwa na boksi lenye zulia jeusi, na mananasi yakahamia kiti cha nyuma, pembeni ya mama mkwe, ambaye alisafiri ameyakumbatia bila kutamka neno. Ningependelea angetamka.

Kufunga muziki Bagamoyo kuna adha nyingine: mji huu una chuo cha sanaa tangu 1981, na wapita njia wengi wamewahi kushika ngoma. Fundi akiwa anakwangua rangi ya bodi apate bati tupu la kufunga waya wa athi, kisha analipaka grisi ili chumvi ya bahari isilitafune, alisimama kijana mmoja mwembamba. Akaligonga boksi katikati kwa kiganja, akaligonga pembeni kwa ncha za vidole, akainamisha sikio, akatikisa kichwa. "Linavuma, halisemi," akatamka, akaondoka zake. Ikabidi fundi afungue boksi na kuzungushia gundi upya. Kulikuwa na upenyo kwenye kona.

Spika yenyewe ilikuwa na koili mbili, kila moja omu 2. Ukiziunganisha mfululizo unapata omu 4, sambamba unapata 1, na amplifaya ilikuwa imeandikwa isishushwe chini ya 2. Kijana wa fundi akaunganisha sambamba, kwa hoja kwamba hivyo inalia zaidi. Kweli ililia zaidi. Ililia zaidi mpaka tulipofika Zinga, taa nyekundu ikawaka, na kukawa na ukimya ambao mke wangu aliupokea kwa alhamdulillah iliyosikika vizuri kabisa.

Tulipoziunganisha koili upya, safari hii mfululizo, nikaanza kujifaragua. Wa kwanza kunisimamisha alikuwa askari wa usalama barabarani, baada ya Kerege. Akazunguka nyuma, akaweka mkono kwenye mlango wa buti.

"Namba yako inacheza."

"Ni besi, afande."

"Zima. Twende mbele kidogo, nisikilize gari."

Nikazima, nikasogea. Kutoka gurudumu la kushoto ukaja mngurumo wa beringi iliyokufa.

"Ndiyo maana unapiga muziki," akasema. "Gari linaumwa, hutaki kulisikia."

Hela ya kuongeza sabufa ya pili ikaenda kwenye beringi, kifaa ambacho hakuna aliyewahi kukigeukia shingo barabarani.

Wa pili alikuwa bibi wa nyumba ya pili. Wimbi la besi ya hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, na IST nzima haifiki mita 4. Ukuta unazuia sauti nyembamba, besi inapenya kana kwamba imealikwa. Kwa hiyo kila nilichopiga, kiwe dansi la Msondo au singeli, kwa bibi kilifika kitu kimoja: du, du, du.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu niambie, huo wimbo wako hauna mwimbaji?"

Nikamwomba radhi, nikapunguza. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 zipo, lakini Bagamoyo hakuna kanuni inayokufikia haraka kuliko bibi mwenye fimbo. Nikadhani yameisha. Wiki iliyofuata alinisubiri barazani.

"Jumamosi tunamcheza mjukuu wangu, na kukodi muziki ni ghali. Lete gari. Safari hii uje na mwimbaji."

Nikalipeleka. Akinamama walifungua milango yote minne pamoja na buti, mwimbaji akasikika mpaka ufukweni. Ila betri ya gari dogo haibebi wati 250 usiku kucha huku injini imezimwa, na ni betri hiyohiyo inayotakiwa kupiga stata asubuhi. Nililazimika kuwasha injini tangu isha mpaka karibu na alfajiri. Bibi alitoa pilau, mafuta nikatoa mimi.