Diski Iliyokwenda Harusini

Kompyuta ya duka letu la steshenari, hapa Temeke, inatumia Linux. Asubuhi moja iliwaka nusu, ikaandika kwamba inasubiri diski, kisha ikaanza kuhesabu sekunde kuelekea dakika moja na nusu. Foleni ilishafika mlangoni. Mama mmoja mwenye fomu ya mkopo alisogea akaitazama.

"Ikimaliza kuhesabu inafanya nini?"

"Inafunguka, mama."

Ilimaliza, ikaleta kioo cheusi chenye maandishi meupe: niweke nywila ya mkuu wa mfumo, au nibonyeze Ctrl na D iendelee. Nikabonyeza. Ikaendelea kweli, ikanirudisha palepale.

Ushauri wa bure ukaanza. Mwenye kitambulisho cha kutolewa kopi alisema ni virusi. Kijana wa bodaboda akataka RAM ichomolewe isuguliwe na kifutio, dawa ambayo mjini hapa hutolewa kwa kila ugonjwa wa kompyuta, na kinachoudhi ni kwamba mara nyingine inaponya. Nikampigia mpwa wangu, ambaye ndiye fundi wetu.

"Anko, weka nywila, halafu andika journalctl -xb, utafute mstari mwekundu."

Mstari mwekundu ulisema diski ya nakala haijaonekana. Nikachungulia nyuma ya meza. Waya upo, diski hakuna. Nikamweleza. Simu ikawa kimya kidogo.

"Aa, ile? Niko nayo huku kwa shemeji, anko. Tunahamishia video ya harusi."

Faili la /etc/fstab ndiyo orodha ya diski zinazotakiwa kupachikwa mfumo unapoamka. Kila mstari una safu sita, ya kwanza ikiwa diski yenyewe, ya pili folda itakamoonekana, ya nne masharti yake. Diski hutajwa kwa UUID, mlolongo wa tarakimu na herufi usiotamkika, kwa sababu jina kama sdb humwendea aliyewahi: fleshi ikitangulia kuonekana, sdb ni fleshi. Na kama masharti hayakulegezwa, systemd, programu inayouamsha mfumo, huhesabu kila diski ya kwenye orodha kuwa ya lazima. Yetu haikubeba mfumo, wala kazi ya mteja yeyote ambayo haikuwamo ndani ya kompyuta. Hata hivyo kila kitu kiligoma, kama shangazi anayezuia pilau isipakuliwe mpaka afike mjomba wa Tanga ambaye hata pilau hali.

Dawa ni neno moja, nofail, kwenye safu ya nne. Mpwa wangu alinitajia herufi moja moja, akasisitiza niandike mount -a kabla ya kuwasha upya, maana faili lile likiwa na kosa ni heri lilalamike sasa kuliko wakati wa kuamka. Amri ikanyamaza, na kwa Linux kunyamaza ni habari njema. Duka likafunguka.

Harusi, kwa upande wake, haikuisha. Kulikuwa na video ya kitchen party, ya send-off, ya kanisani, ya ukumbini. Na kila usiku programu ya nakala iliendelea kupeleka mafaili kwenye folda ya /nakala, bila kujali kwamba diski haikupachikwa hapo. Folda bila diski ni folda tu, iko ndani ya diski ya mfumo, nayo inapokea chochote.

Diski ikarudi, ikapachikwa, tukashukuru. Baadaye kompyuta ikaanza kituko kipya: unaandika nywila sahihi, inakubali, inakurudisha kwenye kuandika nywila. Mpwa wangu akaja mwenyewe. Amri ya df ikasema diski ya mfumo imejaa pomoni. Du ikaizunguka yote isione kilichoijaza.

"Kuna kitu kimefichwa chini ya /nakala," akasema. Akaamuru folda iachie diski. Ikakataa, eti inatumika. Anayeitumia tukamsaka kwa lsof: alikuwa yeye, terminali yake imesimama ndani ya folda ileile. Akatoka, diski ikaachiliwa, na nakala za siku zote zile zikaonekana zimelaliana chini.

"Zifute basi," nikamwambia, "watu wanasubiri."

Akasita, kidole juu ya Enter, akaandika lsblk aone diski zipi zimepachikwa.

"Ngoja kwanza, anko. Diski ikiwa bado imepachikwa, hapa nafuta harusi ya watu."