Mashine Iliyosikiliza Mugithi

ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani iliyoanza kuuzwa Uingereza mwezi wa Aprili 1982, haina skrini yake wala mahali pa kuhifadhia programu. Huazima runinga ya mwenye nyumba na rekoda yake ya kanda. Kwa hivyo ikiamua kumwaibisha mtu, humwaibishia sebuleni, mbele ya wageni, kama ilivyotokea Jumapili moja huko Kiganjo, Thika, katika nyumba ambamo kisa hicho bado hakitajwi wakati wa chai.

Kuazima huku kulitokana na bei. Clive Sinclair alitaka mashine ambayo familia ya kawaida ingeimudu: pauni 125 kwa yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16, pauni 175 kwa yenye 48. Mbunifu wa umbo lake, Rick Dickinson, aliepuka gharama ya vitufe vya kawaida kwa kutumia shiti moja la mpira lililofinyangwa vitufe 40, na chini yake utando mwembamba wa plastiki. Karibu kila kitufe kimebebeshwa maneno mazima ya lugha ya BASIC. Mtu haandiki amri ya kupakia programu, hubonyeza J tu ikajiandika. Kenya mashine hii ilifanya kazi bila shida, maana stima ni ileile ya volti 240 na plagi ni ileile ya miguu mitatu. Hata tofauti ya mfumo wa sauti ya runinga haikuisumbua, kwa kuwa Spectrum haipeleki neno lolote kwenye spika za runinga. Ina kispika chake kidogo tumboni.

Runinga iliyotumika Kiganjo ilikuwa Great Wall ya picha nyeusi na nyeupe, kwa sababu ile bapa ilikuwa na mpira na hakuna aliyethubutu kuigusa. Great Wall ilikuwa stoo, haina kazi tangu matangazo ya analojia yazimwe mwaka 2015. Ilibidi itafutwe chaneli 36, mbali kidogo na 62 ambako enzi zile watu walikuwa wakiipata KTN. Na hapa Spectrum ina adabu ambayo watu hawaizingatii: rangi zake 8 zimepewa namba kuanzia nyeusi hadi nyeupe kwa kufuata mng'ao, hivyo kwenye skrini isiyo na rangi hugeuka ngazi safi ya kijivu. Waliobuni jambo hilo hawakuwa wakiwaza Thika, lakini liliifaa Thika.

Utamu wote uko kwenye kanda. Kila tarakimu hugeuzwa mlio: sufuri ni wimbi moja fupi, la kasi ya mizunguko 2,000 hivi kwa sekunde, na moja ni wimbi refu mara mbili yake. Kwanza hutangulia mlio ulionyooka wa sekunde 5 hivi, wa kuitega mashine sikio, na pembeni mwa picha hupita mistari minene ya nyekundu na samawati. Kisha huja mkwaruzo wenyewe wa data, na mistari hugeuka myembamba, ya buluu na njano, ikitetemeka. Mistari hiyo si pambo. Hakuna saketi maalumu ya kusoma kanda. Prosesa ya Z80A yenyewe ndiyo inayosikiliza, ikipima muda kati ya kupanda na kushuka kwa wimbi, na kila ikilidaka badiliko huibadilisha rangi ya pembeni. Mtu anaitazama mashine ikihesabu! Programu inayojaza kumbukumbu yote huchukua zaidi ya dakika 4, na mwisho wa kila fungu kuna baiti moja ya ukaguzi. Isipolingana, mashine hutangaza kosa na kazi huanza upya.

Kanda ya Kiganjo ilikuwa na jina la mchezo kwa kalamu ya wino. Vile vijino viwili vya nyuma vilikuwa vimevunjwa kitambo, ili mtu asirekodi juu yake. Matundu yake, hata hivyo, yalikuwa yamezibwa kwa selotepu, na aliyekulia enzi za kanda anajua selotepu hiyo ilikuwa ya kazi gani. Hakuna aliyeigeuza kanda kuitazama.

Waya ukichomekwa kwenye tundu la sikio, rekoda hunyamaza, kwa hiyo hakuna aliyesikia kitu. Skrini ilijaa mistari ya kijivu iliyovunjikavunjika, ikirukaruka kwa mpangilio fulani, na mwenye mashine akawaeleza wageni, kwa utulivu wa mhadhiri, kwamba inasoma. Dakika zikapita. Watoto wakaanza kuyumba kufuata mistari. Shosho, aliyekuwa ameketi karibu na meza, akainama hadi kwenye kile kispika kinachonong'ona, akasikiliza, kisha akauliza:

"Kwani hii si mugithi ya harusi ya mjomba wenu?"

Ilikuwa hiyo: muziki, uliorekodiwa juu ya mchezo. Mjomba mwenyewe, aliyekuwepo na anayedai hakumbuki selotepu yoyote, alicheka kuliko wote.

Kisichochekesha ni jinsi mashine hizi zilivyofika Kenya. Hadi mwaka 1993 uagizaji wa bidhaa ulibanwa na udhibiti wa fedha za kigeni, na kompyuta ya mtoto ilipita kwa nadra, ndani ya sanduku la jamaa aliyetoka masomoni. Spectrum ilikuja na kitabu cha Steven Vickers kilichomfundisha mtoto kutunga programu tangu siku ya kwanza. Watoto wengi wa shule za Kenya walikutana na kompyuta miaka mingi baadaye, katika chumba chenye mapazia, mashine zikiwa zimefunikwa vitambaa, na somo la kwanza lilikuwa kuvua viatu mlangoni. Vumbi, waliambiwa. Kuna waliomaliza shule wakijua kuvua viatu tu.

Mikasa mingine ya nyumba hiyo ni mifupi. Adapta ya Spectrum huweka hasi katikati, ya ruta huweka chanya, na mpwa alizibadilisha, transista ikaungua. Mikia ya utando wa kibodi, iliyokaushwa na miaka, ilikatika ilipokunjwa. Kitambaa cha kufumwa kilichowekwa juu kwa heshima kiliipasha mashine joto. Transista na utando hupatikana vipya, maana wapenzi wa mashine hizi bado wanavitengeneza au kuviuza. Kilicho adimu zaidi ni rekoda nzima.