Gurudumu Lililokwenda Kula Keki

Jumamosi iliyopita, saa tisa alasiri, mtoto wa miaka kama sita alinijia katikati ya kiwanja cha nyasi akiwa amekumbatia gurudumu jeupe kama aliyeokota paka. Akaniuliza kwa adabu zote: "Hili ni lako?"

Nyuma yake, kwenye kibaraza cha kantini, watu wapatao ishirini walikuwa wametuelekezea macho, midomo wazi. Gurudumu lilikuwa limekata kiwanja, likapenya kati ya meza zao, likagonga kiti cha mweka hazina wa chama chetu cha ndege na kulala chali. Wao wameshika uma wenye keki, mimi nimeshika uma usio na gurudumu. Nikasema ndiyo, ni langu. Ningekana, lakini pembeni yangu ndege ya chama ilikuwa imekaa upande, ncha ya bawa ndani ya nyasi, na kila mtu alijua nani aliyenunua magurudumu.

Ndege yenyewe ni glaida, ndege isiyo na injini. Yetu ni LS4, aina iliyoruka mara ya kwanza 1980. Ikipewa mita 1,000 za kimo inateleza hewani kilomita 40 bila tone la petroli. Ikishatua, haiendi mita 40 mpaka isukumwe. Hapo ndipo utukufu wote unapoishia. Ina gurudumu moja kubwa chini ya tumbo na mabawa yenye upana wa mita 15 toka ncha hadi ncha, kwa hiyo ikisimama inalalia bawa moja kama ngalawa maji yakitoka. Kuihamisha kunahitaji vitu viwili ambavyo hakuna anayevipiga picha. Cha kwanza ni kitoroli cha mkia: kinafungwa kuzunguka mkia kama bangili, kina gurudumu chini, na gari linaivuta ndege kinyumenyume kwa fimbo ya chuma. Cha pili ni gurudumu la bawa, linalofungwa kwa mkanda karibu na ncha ili bawa lisiburuzwe.

Hapa Ujerumani mambo haya ni ya heshima. Wazee wa chama chetu watakusimulia jinsi mashindano ya kwanza ya glaida yalivyofanyika juu ya mlima Wasserkuppe mwaka 1920, Mkataba wa Versailles ulipokuwa umewabana Wajerumani wasiunde ndege za injini. Wataeleza upepo wa siku ile. Waulize rimu ya kitoroli cha mkia ni ya inchi ngapi, watatazama mawingu.

Basi kwenye mkutano wa Februari mwenyekiti akauliza: nani atashughulikia magurudumu? Ya zamani yalikuwa yamepasuka. Kimya. Kisha bwana mmoja, mtu mwema anayenipa lifti kila wiki, akanielekezea kidole: "Kwenu si mikokoteni imejaa? Wewe utajua." Wakacheka. Nikacheka na mimi, maana ndivyo mtu anavyofanya. Nikapewa euro 60. Dakika kumi kabla, mkutano uleule ulikuwa umepitisha euro 900 za kifaa cha kuonyesha kasi ya kupanda, na ndege tayari ilikuwa na viwili.

Sikujua. Mikokoteni nimepishana nayo tu. Nikaingia duka la vifaa, nikasimama mbele ya ukuta wa magurudumu kama bwana harusi mbele ya mahari, na nikachagua kwa jicho. La bawa lilikuwa zuri ajabu: jeupe, gumu, kipenyo milimita 160, linazunguka pande zote juu ya kiungo chake, na lina breki ya kukanyaga. Gurudumu la kitanda cha hospitali. Nikajiona mtu wa kisasa.

Sasa ngoja nikueleze, maana tangu Jumamosi silali, nasoma habari za magurudumu.

Gurudumu likigonga kizingiti, halipandi kwa nguvu za gari tu. Linapanda kwa ukubwa wake. Chukua kichuguu cha fuko, sentimita tano kwenda juu. Kiwanja chetu kina mafuko kuliko wanachama. Gurudumu la milimita 160 likikutana na kizingiti hicho linataka kuvutwa kwa nguvu karibu mara mbili na nusu ya uzito lilioubeba. La milimita 400, lile la toroli la kubebea zege, halitaki hata uzito wenyewe mzima. Kizingiti kilekile, mzigo uleule. Na gurudumu la bawa liko mita sita kutoka tumbo la ndege, kwa hiyo likikwama, ndege nzima inataka kuzunguka kama mlango kwenye bawaba, na mkia uko mikononi mwa gari.

Halafu kuna upepo wa tairi. Tairi laini linaikandamiza ardhi kwa kiasi kinachokaribia upepo uliomo ndani yake. Jaza bar moja, na kila sentimita ya mraba ya nyasi inabeba kama kilo moja tu. Tairi linajitandaza mpaka eneo litoshe. Gurudumu gumu halijui kujitandaza. Kwenye sakafu ya wodi ni malkia, kwenye nyasi zilizonyeshewa ni jembe. Nilichora mfereji toka banda la ndege hadi kichwa cha kiwanja ambao ungetosha kupandia viazi.

Na lile la kuzunguka pande zote ndilo lililonimaliza. Ekseli yake imewekwa nyuma kidogo ya kiungo ili gurudumu lifuate popote mtu anaposukuma. Ukitembea taratibu linafuata. Ukiongeza mwendo linaanza kutikisika kushoto kulia, kushoto kulia, kila mtikisiko ukiuchochea mwenzake. Umeliona kwenye kile kitoroli kimoja cha supamaketi ambacho lazima ukipate wewe. Uchungu ni kwamba bawani halikuhitajika kabisa. Bawa liko usawa mmoja na gurudumu la tumbo. Ndege ikikata kona, gurudumu la bawa linakwenda mbele au nyuma tu kwenye duara lake, halina haja ya kugeuka. Gurudumu jinga lililokazwa kuelekea upande mmoja ndilo lenye akili hapo. Kwenye mkia, unaokwenda huku na huko, ndiko kunakotakiwa la kuzunguka. Mimi mkiani niliweka lililokazwa.

Jumamosi mwenyekiti ndiye aliyeendesha gari. Sheria yetu ni mwendo wa mtu anayetembea. Alikwenda mwendo wa mtu aliyeona keki inakatwa. Gurudumu likaanza kutetemeka. Nikapiga kelele. Bolti niliikaza kwa nati ya kawaida, siyo ile yenye pete ya plastiki ndani isiyolegea kwa mtikisiko, na bei zinapishana kwa senti thelathini. Nikaiona nati inapanda yenyewe taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, kama mtu anayefungua chupa ya soda kwa raha zake. Kikaja kichuguu. Uma ukachimba, ndege ikageuka robo duara, na gurudumu, kwa mara ya kwanza tangu nilinunue, likaenda moja kwa moja bila kuyumba.

Bawa lilikwaruzika rangi tu. Mweka hazina alikaa na kahawa kwenye suruali.

Jioni nikampigia mjomba wangu wa Gerezani, Dar es Salaam, anayechomelea mageti na mikokoteni. Nikamwamkia, nikamwelezea. Akanyamaza kidogo.

"Mjomba, ndege umeivisha gurudumu la kitanda cha wagonjwa?"

"Lilikuwa zuri, mjomba."

"Tairi dogo kila shimo ni msiba. Wewe hujaona mikokoteni ya Kariakoo? Ina tairi za gari. Unadhani ni urembo?"

Nikanyamaza. Lile neno la Februari likarudi, safari hii bila kicheko. Kwa mdomo wake bwana yule alikuwa amepatia: mikokoteni kwetu imejaa, na yeyote anayeisukuma asingefanya kosa hili hata usingizini. Ila yeye hakuwa akimtaja mwenye elimu hiyo. Alinitazama uso, akaona mkokoteni. Kazi ile ilinifaa kwa sababu kwake ilikuwa duni. Ingekuwa kazi ya kile kifaa cha euro 900, wangeunda kamati. Na Jumamosi, gurudumu lilipofika kwenye keki, aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni yeye, aliyesisitiza euro 60 zinatosha na chenji irudi.

Chenji ilirudi. Euro 11.

Na hilo halikuwa kosa langu la kwanza. Kabla ya Jumamosi hiyo kuna siku nilijaza tyubu ya mkia upepo mpaka ikapasuka wakati wa maombi ya ibada uwanjani. Kuna siku nilileta gurudumu lenye tundu la milimita 25 kwa ekseli ya milimita 20 nikaziba pengo kwa utepe. Na kuna siku rubani alikuwa ameshafunga mikanda, kitoroli kikiwa bado mkiani, uzito wa kutosha nyuma kuifanya ndege isitawalike angani. Msichana wa miaka kumi na tano akapiga kelele kabla kamba ya winchi inayoirusha ndege haijakaza. Hiyo sicheki nayo.

Sasa bawani kuna gurudumu la toroli, milimita 400, lenye upepo bar moja na nati ya pete. Nimelilipia mwenyewe. Lile jeupe wamelitundika ukutani kantini, juu ya sahani za keki. Ukipita huko Jumamosi, tafadhali usiulize ni la nani. Yule mtoto yupo, na anajibu kila anayeuliza.