Usimsage Kabla Hujamtazama Mgongo

Ukiingia Hifadhi ya Arusha kwa lango la Momella ili uupande Mlima Meru, utatembea na askari mwenye bunduki. Bunduki ni kwa ajili ya nyati na tembo, na akisema simama, simama. Ila wakati nyote mnakodolea nyati macho, mpangaji wa nyati keshapanda kwenye soksi yako. Kwa huyo bunduki haisaidii. Kunahitajika kibano cha kutolea nyusi, mwanga mzuri na subira.

Kupe haruki wala hapai. Hukwea jani la nyasi kandokando ya njia wanayopita wanyama, akajishikiza kwa miguu ya nyuma na kuinyoosha ile ya mbele hewani, kama abiria anayesimamisha daladala. Miguu hiyo ya mbele ndiyo pua yake: hunusa pumzi yako na kuhisi joto lako. Ukiligusa jani tu, amepanda, na nauli halipi.

Jioni vua nguo zote ujikague: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kitovuni, nyuma ya masikio, na pale mkanda ulipobana. Mgongo akukague mwenzako. Aibu ni ya dakika mbili. Homa ni ya siku nyingi.

Ukimkuta, ndipo vituko huanza. Huyu anawasha kiberiti, yule anataka mafuta ya taa, wa tatu anampondea papo hapo kwa ukucha. Nawacheka waziwazi, kisha nawasihi waache, maana kupe anayesumbuliwa hivyo anaweza kukutemea mate yake yote ndani ya jeraha. Mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja, polepole, bila kusokota. Osha kwa sabuni. Halafu usimtupe! Mweke juu ya karatasi nyeupe, umtazame kama karani anavyotazama kitambulisho.

Hesabu miguu. Ikiwa minane, ni kijana au mtu mzima. Kupe ni ndugu wa buibui na nge, si mdudu wa miguu sita. Ikiwa sita, ni mtoto aliyeanguliwa karibuni, na watoto hupanda kwa makundi, utadhani umemwagiwa pilipili manga kwenye kifundo cha mguu.

Sasa mgongo, na hapa usiwe na haraka. Kupe wa porini ana ngao ngumu. Ya dume hufunika mgongo mzima, kwa hiyo hawezi kuvimba sana. Ya jike huishia mbele tu. Nyuma yake ngozi inanyumbuka, na akinywa damu kwa wiki moja uzito wake huongezeka mara mia na zaidi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa siku saba hajagusa mpini. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wanaoishi kwa jasho la wenzao waliitwa kupe, na kila aliyewahi kumwona jike aliyeshiba sikioni mwa ng'ombe anajua kuwa jina lilikuwa limewakaa.

Ngao ya kahawia tupu, mdomo mfupi: yamkini ni kupe wa masikio, anayeeneza ndigana kali. Ugonjwa huo haumshiki binadamu, lakini humaliza ndama wa mfugaji, kwa hiyo usimbebe kwenye nguo zako hadi kwenye zizi la mtu. Ngao yenye madoa ya rangi ya chungwa au dhahabu, mdomo mrefu, miguu yenye pete nyeupe: huyu ni Amblyomma, na ndiye ninayekuomba sana umtunze. Kijana wake hana mapambo hayo, basi kwake angalia mdomo.

Amblyomma hubeba bakteria wa homa ya kupe. Kama wiki moja baada ya kuumwa, kichwa kinagonga, mwili unachemka, tezi zinavimba, na pale alipouma panatokea kidonda chenye gamba jeusi. Wengi wetu hapo tunakimbilia dawa ya malaria, ambayo bakteria huyo haimgusi. Doksisaiklini humwondoa. Nenda ukapimwe malaria, ndiyo, lakini mwonyeshe daktari kidonda na umwambie ulitembea wapi na lini.

Na ukimkuta asiye na ngao, ngozi imekunjamana kama mkoba mkuukuu, mdomo umefichwa chini ya tumbo, huyo hukumpata msituni. Umelala naye. Ni papasi, mkazi wa nyufa za sakafu ya udongo, anayekunywa usiku na kurudi ufani kabla hujaamka. Homa yake huondoka ikarudi, ikaondoka ikarudi. Ilimuua daktari Mwingereza Joseph Dutton mwaka 1905, akiwa Kongo alikokuwa akiichunguza, na bakteria wake akapewa jina la marehemu: Borrelia duttonii.

Ukishamtambua, mtie kwenye kichupa chenye spiriti na uandike kikaratasi. Changu cha mwisho kinasomeka: Momella, nyuma ya goti la kushoto, jike, miguu ya pete.