Mguu wa Stuli Uliosimama

Karakana yangu ni stoo ya nyuma, hapa Morogoro, iliyokuwa ya magunia ya mkaa. Dirisha ni moja, nalo linatazama ukuta wa jirani. Niliponunua mashine ya kukereza, ya mtumba, nilipigia hesabu kila kitu: patasi, msasa, miwani, hata pazia la kuzuia vumbi lisiingie jikoni. Taa sikuihesabu. Si ilikuwepo? Tyubu ya zamani, ile inayokonyeza mara tatu kabla ya kuwaka.

Jumamosi moja nikafunga kipande cha mninga cha mraba, kiwe mguu wa stuli, nikawasha. Jirani naye akawasha mashine yake ya kusaga, kwa hiyo masikio nikawa sina. Kuinua macho, mguu umetulia tuli, pembe zote zinaonekana. Nikajua umeme umekatika. (Kwamba taa bado inawaka, hilo halikunijia.) Nikanyoosha mkono nilegeze. Kabla kidole hakijafika, kikapepewa. Upepo, ndani ya stoo ile! Nikaurudisha mkono kama aliyegusa chungu cha maharage jikoni.

Fundi umeme alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, haijasimama hiyo. Taa inakudanganya." Akanipigia hesabu mlangoni kwa chaki: umeme wetu ni wa hezi 50, tyubu ya zamani ya choki, kama hii yako, inawaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Mashine ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ni mara 25 kwa sekunde. Zidisha kwa pembe nne. Kila taa inapomulika, pembe nyingine imeshakaa pale pale ilipokuwa mwenzake.

Akaniambia nitafute balbu za LED zisizopepesa. Nipitishe penseli haraka chini yake: nikiona penseli nyingi zimepangana kama vipago vya ngazi, niiache. Basi nikaenda dukani, balbu baada ya balbu, nazipungia penseli. Nilipofika ya tano mwenye duka akaniuliza, kwa upole, kama zina pepo.

Nikafunga mbili darini. Stoo ikang'aa kama ukumbi wa harusi. Nikakereza bakuli, nikalipiga msasa hadi likawa laini kama yai. Asubuhi mke wangu akalitoa barazani, jua bado liko chini, akaligeuza mara moja tu. "Baba watoto, hili lilichakurwa na kuku?" Mikwaruzo mitupu. Kumbe taa ya juu inasitiri. Ya ubavuni ndiyo mmbea.

Ya ubavuni tulikuwa nayo: taa ya kusomea, shingo inapindika, inaingia hadi tumboni mwa bakuli. Ni ya binti yangu wa kidato cha pili. Tumeelewana, yaani ameniamuru: saa moja jioni iwe mezani kwake, haina vumbi. Jana nilichelewa dakika kumi. Alikuja, akasema shikamoo, akachomoa plagi.